Kumbukumbu za matibabu: mgonjwa ajue nini

Kumbukumbu za matibabu ni maandishi yote yanayowekwa na wanaokutibu: ulilalamika nini, daktari alikuta nini alipokupima, vipimo na majibu yake, ugonjwa uliogundulika, dawa na kiasi chake, mzio, upasuaji, chanjo. Hapa Tanzania maandishi hayo yametawanyika. Hospitali kubwa huyaweka kwenye faili au kwenye kompyuta, na huwezi kuyapata upesi bila namba yako ya faili. Katika zahanati nyingi yamo kwenye daftari unalotembea nalo mwenyewe. Mjamzito ana kadi yake ya kliniki, mtoto ana yake, na anayetumia ARV ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU.

Wengi hudhani kwamba wakipoteza daftari, kila kitu kimebaki kwenye lile rejesta kubwa la MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) alilonalo nesi. Rejesta hilo ni la takwimu. Litaonyesha kuwa ulifika siku fulani ukatibiwa malaria, basi. Maelezo uliyompa daktari na sababu za kubadilishiwa dawa hayamo.

Upungufu huo huonekana mgonjwa anapohamia hospitali nyingine. Chukua mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Mimba inayofuata, daktari anahitaji kujua mfuko wa uzazi ulipasuliwa vipi, kwa sababu mkato wa wima sehemu ya juu una hatari kubwa zaidi ya kuachia wakati wa uchungu kuliko ule wa kulala sehemu ya chini. Kovu la tumboni halimwambii, maana ngozi inaweza kukatwa upande mmoja na mfuko upande mwingine. Jibu limo kwenye maelezo ya upasuaji, na mara nyingi mama huyo aliondoka wodini bila nakala yake. Naamini hakuna karatasi anayostahili kuidai kwa msisitizo zaidi. Hata mgonjwa wa presha aliyepata kikohozi kikavu kwa sababu ya enalapril anaweza kuanzishiwa dawa hiyohiyo kwingine, kama hakuna palipoandikwa.

Faili lenyewe hubaki hospitali, lakini taarifa zilizomo zinakuhusu wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Inakupa haki ya kujua kilichohifadhiwa kukuhusu na kuomba kirekebishwe kama kina makosa. Ukikwama, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Marekebisho hayafuti kilichokuwepo: kwenye karatasi, kosa hupigwa mstari mmoja likaendelea kusomeka, kisha huandikwa maelezo yaliyo sahihi, tarehe na saini ya aliyerekebisha.

Kabla hujaruhusiwa, omba muhtasari wa matibabu, majibu ya vipimo na maelezo ya upasuaji kama ulifanyiwa. Usione haya kuuliza maana ya yaliyoandikwa. Hx ni historia ya ugonjwa, Dx ni ugonjwa uliogundulika, Rx ni dawa.

Kuhusu siri, wanaopaswa kusoma ni wanaokuhudumia. Bima nayo hupata sehemu, kwani fomu unayotia saini ina ugonjwa na huduma ulizopewa. Isome kwanza, usije ukasainia kipimo ambacho hukufanyiwa. Mwajiri anayetaka uthibitisho wa mapumziko inamtosha kujua idadi ya siku. Ndugu naye, hata akiwa ndiye anayelipa bili, huombewa ridhaa yako kwanza. Na ukipiga picha karatasi zako kwa simu, jambo ambalo ni zuri, mtumie daktari moja kwa moja. Kundi la WhatsApp la familia lina watu wengi, na picha ikishasambazwa huwezi kuirudisha.