ANCA positivu inamaanisha nini hasa

Mtu anatoka labu pale Upper Hill na karatasi imeandikwa p-ANCA positivu, 1:40 (yaani bado inaonekana seramu ya damu ikipunguzwa makali mara arobaini), na kabla afike steji ameshaingia kwa simu akasoma ati huu ni ugonjwa wa kumaliza figo, basi usiku huo nyumbani hakulaliki. Na pengine hana kitu. Mwingine naye ana karatasi karibu hiyo hiyo na kusema ukweli anafaa kuwa kwa wodi leo leo si kesho. Hapo ndipo ANCA huchanganya watu wengi, hata wengine wenye koti nyeupe.

Tuanze na chenyewe. ANCA ni kingamwili, zile protini mwili hutengeneza kupigana na vijidudu, ila hizi zimepotea njia zikaanza kushika neutrofili, ambazo ndio seli nyeupe nyingi zaidi kwa damu ya mtu mzima. Neutrofili imebeba vifuko vimejaa kemikali za kuua bakteria. ANCA ikiishika inaichokoza ikiwa bado ndani ya mshipa, inajibandika kwa ukuta na kumwaga zile kemikali papo hapo, ni kama soja wa ploti amechochewa usiku akaanza kupiga wapangaji. Mshipa mdogo unavimba, unavuja damu, unaziba. Hiyo ndio vaskulitisi, na kwa vile figo na mapafu zimejaa mishipa midogo ajabu, hapo ndipo mambo huharibika vibaya.

Hizi kingamwili zilionekana Australia 1982 kwa wagonjwa wachache wa figo, halafu 1985 Waholanzi na Wadenmark wakaonyesha zinaenda pamoja na ugonjwa uliokuwa ukiitwa Wegener, siku hizi GPA, aina moja ya hii vaskulitisi.

Sasa hiyo c na p kwa ripoti. Kipimo cha zamani, ambacho bado kipo, tunachukua neutrofili za mtu mzima wa afya, tunazikausha kwa slaidi na ethanoli, tunaweka seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu bila seli, tunaongeza rangi ya kung'aa, alafu unaingia chumba cha giza na kuchungulia kwa maikroskopu. Ukiona kijani cha chenga chenga kimejaa seli yote isipokuwa kiini, hiyo ni c-ANCA. Ukiona kijani kimekusanyika kuzunguka kiini, p-ANCA. Na cha kushangaza ni kwamba ile p ni ethanoli imeitengeneza: inafungua vile vifuko, protini moja ya ndani yake, MPO, yenye chaji chanya inakimbilia kiini chenye chaji hasi. Tumia fomalini badala ya ethanoli na MPO inabaki mahali pake, slaidi inafanana na c. Yaani unaangalia mchoro tu, na mchoro unategemea jicho la aliyekaa hapo, na mtu mwenye ANA ya lupus, kingamwili zinazoshika kiini cha seli, anaweza kukupea kitu inafanana kabisa na p-ANCA.

Ndio maana tangu makubaliano ya wataalamu ya 2017 kipimo cha kuanza nacho ni kile kinachotafuta kingamwili za shabaha zenyewe mbili, PR3 na MPO, protini za neutrofili ambazo ANCA hushika, na kutoa namba. Kama ripoti yako iko na c au p peke yake, uliza PR3 na MPO ziko wapi. Bila hizo, hiyo 1:40 haisemi mengi.

PR3 mara nyingi ni GPA: pua inatoka damu na magamba, sinasi haziponi, masikio, mapafu yana mashimo, figo. MPO huegemea zaidi MPA, vaskulitisi nyingine ya kundi hili, ambayo hupenda figo na mapafu na haisumbui pua sana. Ya tatu ni EGPA, mtu ana asma ya ukubwani na eosinofili, seli nyeupe za mzio, ziko juu sana, na hapo ANCA huwa positivu kwa chini ya nusu ya wagonjwa.

Lakini ANCA inaweza kutokea bila vaskulitisi yoyote. Kolaitisi ya vidonda (ya utumbo mpana), magonjwa kadhaa ya ini, HIV, maambukizi ya vali za moyo, na TB. Dawa pia: propiltiourasili ya tezi, hidralazini ya presha, na kokeini iliyochanganywa na levamisoli. Ukiona PR3 na MPO zote mbili zimepanda kwa mtu mmoja, kabla ya kitu kingine muulize anameza nini, na umuulize bila kumhukumu la sivyo hatakuambia.

Hiyo ya TB kwetu Nairobi ndio ngumu. Mtu anakohoa damu, amekonda, ana homa, eksirei ina shimo juu ya pafu: kila mtu hapa anasema TB na mara nyingi ni kweli. Shida ni yule ambaye GeneXpert, kipimo cha TB kwa makohozi, inatoka negativu, anawekwa kwa dawa za TB hata hivyo, miezi inaenda, pua inaanza kubomoka katikati na hakuna mtu amepima mkojo. Kijiti cha mkojo tu, cha bei rahisi, kikionyesha damu na protini, alafu kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, inapanda kila wiki, hapo ANCA haingoji. Na kinyume chake pia kinaua: mtu ana TB ya ukweli, ANCA imetoka positivu kidogo kwa sababu ya hiyo TB, anapewa stiroidi za nguvu, zinazoshusha kinga, na TB inasambaa mwili mzima. Kwa hivyo makohozi yanapimwa, na ikiwezekana kipande cha figo au cha mahali pameumia kinachukuliwa, biopsi ndio husema wazi.

Negativu nayo haikusafishi. Kuna watu wana vaskulitisi hii hii kwa biopsi na ANCA haipo, haswa wale ugonjwa umekaa kwa pua na sinasi peke yake.

Ikishathibitishwa, haraka ni ya lazima. Zamani bila dawa wengi walikufa ndani ya mwaka, leo kuna stiroidi pamoja na siklofosfamidi au rituksimabu, dawa za kutuliza kinga, na wengi wanaishi, ila figo iliyogeuka kovu hairudi.

Baadaye watu hupenda kufuatilia ile namba. Ikipanda si sababu tosha ya kuongeza dawa kama mtu yuko sawa, ni sababu ya kumwangalia kwa karibu. Wenye PR3 ndio ugonjwa huwarudia zaidi kuliko wa MPO, so kliniki hawaachi, na mkojo wanapimwa kila wakija hata kama ANCA imepotea kabisa kwa ripoti.