Je, wajua kwa nini bergamoti huugua kama mkorosho?

Ukipita mashamba ya Newala au Masasi wakati wa kipupwe, utakuta vishada vya maua ya mikorosho vimevaa unga mweupe, utadhani kuna mtu kavinyunyizia sembe. Ni ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi. Ulitambuliwa kwenye mikorosho ya Tanzania mwaka 1979, na tangu hapo mkulima wa Kusini anaijua bei ya salfa, dawa ya kuuzuia, kuliko ya sukari.

Wapenda bustani wa Marekani wanalia na unga wa namna hiyo hiyo kwenye ua la bergamoti. Si lile chungwa linalotia chai harufu. Wamefanana kunukia tu. Ua hili ni jamaa ya mrihani. Shika shina la mrihani kati ya vidole viwili, lizungushe polepole: utahisi pembe nne. La bergamoti ni hivyo hivyo.

Sasa, kwa nini unga huja mvua zikishakatika? Fangasi wengi hawaoti mpaka jani lilowe. Huyu wa ubwiriunga hangoji tone la maji. Unyevu wa hewani unamtosha, na mvua kubwa humwosha. Usiku wa ubaridi na mchana mkavu wenye upepo ndiyo sikukuu yake. Ila fangasi wa bergamoti ni wa aina nyingine, hahamii mkorosho.

Huko Morden, Manitoba, nchini Kanada, watafiti walizalisha bergamoti fupi iitwayo Petite Delight. Haizidi sana sentimita 40, wakati za kawaida hufika mita na zaidi, na ilichaguliwa pia kwa kuhimili unga. Lakini ufupi peke yake si dawa, maana machipukizi yake husongamana. Yapunguze, mwagilia shinani asubuhi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu ling'oe shina uligawe. Ni akili ile ile ya kuondoa maotea chini ya mkorosho ili hewa ipite.

Je, itachanua Mikindani? Mimi nisingekupa matumaini. Inataka baridi kali ya kupumzikia, kisha siku ndefu za kiangazi cha kwao; kwetu hata siku ndefu kuliko zote za Desemba haifiki saa 13 za mwanga. Panda mrihani, uupe nafasi. Huo unachanua mwaka mzima, na nyuki wanaujua.