Kabla hujafungua hedi kwa sababu ya maziwa kwenye kizibo

“Fundi, gasketi imeungua.” Ni ile inayoziba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake; ikiharibika, maji ya rejeta yanaweza kuingia kwenye oili. Nikiuliza nani kasema, naonyeshwa picha kwenye simu: kizibo cha oili kimepinduliwa, na kwa ndani kuna ute mzito wa rangi ya maziwa. Gari lenyewe lilikuwa limeachwa nyumbani Njoro au Subukia tangu Krismasi, mwenyewe yuko kazini Nairobi. Hajaangalia maji ya rejeta, hajachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, lakini bei ya gasketi ameshaiulizia madukani. Hapa Nakuru nimeletewa injini zilizokwisha kufunguliwa, hedi kwenye gunia, bolti zimechanganywa kwenye kopo la rangi, na gasketi iliyotolewa haina hata alama ya kuungua.

Kizibo ndicho mahali pabaya zaidi pa kusomea afya ya injini. Kiko juu kabisa, kiko mbali na moto, na kinapigwa na baridi ya nje. Mvuke ulio ndani hupanda na kugeuka matone hapo, kama kwenye kifuniko cha sufuria ya githeri. Matone yakikorogwa na oili inayorushwa na kemshafti, mhimili unaofungua vali, unapata hayo maziwa. Gari lililolala msimu mzima wa mvua, mchana jua, usiku baridi, kisha likawashwa dakika mbili kusikia kama linaitika, lisipokuwa na ute kidogo kwenye kizibo ndipo nitashangaa.

Kwa hiyo swali langu ni hili: huko chini kwenye sampu, bakuli la oili, kuna maji kiasi gani, na yametoka wapi?

Chomoa dipstiki kabla ya kugusa swichi. Ikiwa oili ni safi na kiwango kiko pale ulipokiacha, tulia. Ikiwa kiwango kimepanda na oili imekuwa kahawia kama imetiwa maziwa, usiwashe hata kidogo. Beringi hazilindwi na maji, na silinda yenye maji inaweza kupindisha konrodi, mkono unaoshika pistoni, stata inapozungusha tu.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda, na hakigharimu chochote. Gari likiwa baridi, limesimama mahali tambarare na halijawashwa, weka chupa ya plastiki iliyokatwa chini ya bolti ya kumwagia oili. Ilegeze polepole mpaka ianze kudondosha, usiitoe yote. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo na yamejitenga, yatatangulia wakati oili bado iko nyuma. Utayaona yakikaa chini ya chupa. Matone machache yasiyo na rangi ni mvuke wa kawaida. Yakijaa kikombe, mvuke hauhusiki tena: kuna mahali panavuja, au gari lilisimama kwenye mafuriko. Yakiwa ya kijani au ya waridi, hiyo ni kulanti, dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta. Shida ni kwamba wengi wetu tunatia maji ya mfereji kwenye rejeta, na hapo rangi haikuambii kitu. Basi bandika utepe kwenye chupa ya akiba ya rejeta, weka alama, uone kama maji yanapungua.

Kudondoshea oili kwenye bati la moto kusikiliza kama inachachatika ni kipimo kizuri, ila kinakwambia maji yapo, hakikwambii yametoka wapi. Kwa hilo kuna pampu ya kusukuma presha kwenye rejeta, mpaka ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Presha ikishuka na hakuna mvujo wa nje, maji yanaingia ndani. Kuna pia kile kimiminika cha buluu kinachonusa hewa ya rejeta injini ikiunguruma. Kikigeuka njano, moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Na hata hapo usirukie gasketi: injini yenye kipozea oili kinachopitiwa na maji ya rejeta inaweza kuchanganya oili na maji huku gasketi ikiwa nzima.

Nao wanaosema “oili yangu ni safi, kwa hiyo gasketi ni nzima” wamekosea upande wa pili. Gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji, injini ichemke kila siku, na oili isiguswe.

“Mimi huliwasha dakika tano kila Jumapili.” Huyo ndiye anayejaza maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi, mengine hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Dakika tano hazitoshi kuipasha oili, kwa hiyo maji hayo yanabaki. Kama huwezi kuliendesha, liache, chomoa betri. Kama unaweza, nenda Gilgil urudi.

“Kwa baridi yetu, themostati ya nini?” Themostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hili linaniudhi kwa sababu wanaolisema ni mafundi wenzangu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tuna nafuu kuliko Mombasa katika kuyakausha. Lakini injini iliyong'olewa themostati, asubuhi ya ukungu barabara ya Molo, haikaribii hata hapo, na maziwa hayaishi. Nunua themostati. Kama gari lilikuwa linachemka, tafuta sababu.

Oili isiyotembea kuharibika? Inaharibika: maji na mabaki ya mwako hutengeneza asidi, hivyo hata kama kilomita hazijaongezeka, ibadilishe kila mwaka. Kusafisha injini kwa dizeli? Usithubutu, mabaki yake yanailegeza oili mpya. Tia oili ya bei nafuu ya kipimo sahihi na filta mpya, endesha siku chache, mwaga, ndipo utie ile nzuri.

Baada ya hapo pangusa kizibo, endesha safari ndefu, ukiangalie tena. Ute ukirudi huku alama kwenye utepe ikizidi kuachwa na maji, sasa lete tufungue hedi. Na kabla hedi haijapelekwa kwa mashine ya kuisawazisha, iwekewe rula ya chuma mbele yako, uone mwenyewe kama imepinda.