Kwa nini selimundu husubiri miezi sita

Swali ninaloulizwa zaidi kliniki na wazazi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu, si lile la "ameupata wapi". Hilo wengi wameshajibiwa. Wanachouliza ni hiki: mbona mtoto alikuwa mzima kabisa? Alinyonya vizuri, uzito ukapanda, chanjo akapata bila shida. Kisha alipokaribia kukaa mwenyewe, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akalia usiku kucha, macho yakaanza unjano. Kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, ulikuwa wapi muda wote huo?

Ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Ukilijibu mpaka mwisho, umeeleza namna seli ya binadamu inavyoamua jeni ipi isomwe na ipi ikae kimya. Daktari wa watoto Janet Watson wa Brooklyn alilidokeza mwaka 1948: aliona seli nyekundu za vichanga hawa hazipindi kama za wakubwa, akahisi kuwa himoglobini ya tumboni, protini inayobeba oksijeni kwenye damu ya kijusi, ndiyo inayowalinda.

Maabara jibu hilo huonekana kwenye karatasi. Tone la damu ya kisigino huingizwa kwenye mashine inayotenganisha aina za himoglobini, nayo huchora vilima kwa kufuata zamu ya kila aina kutoka. Himoglobini F, ile ya tumboni, hutangulia. Kwa kichanga mwenye selimundu, kilima cha F ni kirefu kupita vyote. Pale panapopaswa kuwa na himoglobini A ya mtu mzima hakuna kitu. Halafu mwishoni kabisa kinachomoza kilima kidogo cha S, himoglobini ya selimundu. Tunaandika "FS" na kumwita mzazi. Mpime mtoto huyohuyo akishatimiza mwaka: S imepanda sana, F imenywea. Jeni zake ni zilezile alizozaliwa nazo. Kilichobadilika ni zipi zinasomwa.

Himoglobini moja ina minyororo minne ya protini: miwili ya alfa, na miwili mingine inayofuata umri. Mimba ikiwa changa sana hutumika epsiloni. Kisha kijusi huhamia kwenye gama, ambayo ikiungana na alfa huwa himoglobini F, hodari wa kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Mtu mzima hutumia beta. Kosa la selimundu limo kwenye jeni ya beta, tena ni la herufi moja tu ya DNA: A imekuwa T, na kwa sababu hiyo tofali moja la protini, glutamati, limeipisha jingine, valini. Himoglobini ya namna hii ikiachia oksijeni hushikamana kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli. Gama haina kosa hilo, na ikichanganyika humo huzuia nyuzi zisirefuke. Kwa hiyo mtoto anapokuwa bado kwenye gama, kosa analo ila halijapata pa kujitokeza.

Jeni hizi ziko kwenye mstari mmoja katika kromosomu ya 11: epsiloni, gama mbili, delta, beta. Zimefuatana karibu sawasawa na zinavyotumika maishani, jambo ambalo mpaka leo hunifurahisha. Maelfu kadhaa ya herufi kabla ya epsiloni kuna eneo lisilotengeneza protini yoyote, liitwalo LCR. Kazi yake ni kukusanya protini zinazochochea usomaji. Halafu DNA hujikunja mpaka eneo hilo ligusane na jeni inayotakiwa. Chukulia bomba moja la mtaa na ndoo zilizopanga foleni: maji ni yaleyale, anayechota ni aliyefika bombani. Gama iko karibu na bomba kuliko beta. Beta haitachota mpaka gama iondolewe kwenye foleni.

Anayeiondoa ni protini iitwayo BCL11A. Yenyewe hutafuta herufi sita, TGACCA, zilizo kama herufi 115 kabla ya mahali gama inapoanza kusomwa. Ikishatua hapo huita kundi la protini liitwalo NuRD. Hilo huondoa asetili, alama ndogo za kikemikali, kwenye histoni, yaani zile protini ambazo DNA imeviringishwa juu yake, na DNA ikijibana vimeng'enya vya kunakili havipati pa kushika. Gama hunyamaza, beta hupata zamu. Yote haya hufanyika ndani ya uboho, kwenye seli changa. Seli nyekundu iliyokomaa imeshatupa kiini chake, haina DNA ya kudhibiti. Inazunguka mwilini na himoglobini iliyopewa tangu mwanzo.

Ushahidi kwamba mabadiliko haya si amri isiyopingika ulikuwepo zamani, na sehemu yake ilitoka jirani kwetu. Mwaka 1958 Jacob na Raper waliandika kuhusu watu wa Uganda ambao himoglobini F yao haikushuka ukubwani, wakiwemo waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja na hali hiyo kwa mwingine. Watu wa namna hii kwa kawaida huishi bila maumivu yale. Ugiriki nako zipo familia ambazo herufi moja ndani ya zile sita imebadilika, BCL11A ikakosa pa kutua. Lakini jina la BCL11A lenyewe lilijitokeza mwaka 2007 na 2008, watafiti walipolinganisha DNA ya watu wenye F nyingi na wenye F kidogo. Mwaka 2014 wenzetu wa Muhimbili walichapisha uchunguzi kama huo kwa wagonjwa wa Tanzania, na BCL11A ikajitokeza tena.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda. Ukishajua nani anaifunga gama, wazo la haraka ni kumwondoa. Haiwezekani kirahisi. BCL11A inahitajika pia ili mwili utengeneze limfosaiti B, seli nyeupe za kinga, na ubongo unaihitaji wakati wa kukua. Ukiifuta kila mahali umetibu damu ukaharibu kwingine. Njia ilipatikana mwaka 2013 kwenye maabara ya Stuart Orkin, Boston: ndani ya jeni ya BCL11A, katika kromosomu ya 2, kuna kipande kisicho na maelekezo ya protini ambacho huiwasha jeni hiyo kwenye seli za kuzalisha damu nyekundu peke yake. Vipande vya aina hii huitwa enhansa. Limfosaiti B ina jeni ileile, ina pia enhansa ileile, lakini haiitumii, kwa sababu haina GATA1, protini inayopaswa kutua pale. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho zinatofautiana ilhali zimebeba jeni zilezile takriban 20,000: kila aina ya seli ina protini zake za kutua, na kila jeni ina viwanja vyake vya kutulia.

Tiba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, Casgevy, inafanya hilo tu. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipochaguliwa, hukata uwanja wa GATA1 ndani ya enhansa, seli huunga mkato ovyoovyo, na GATA1 haitui tena. BCL11A hupungua, gama hurudi. Herufi mbovu ya selimundu haiguswi, iko palepale. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani, inayoweza kumnyima uzazi. Siwaambii wazazi wa kliniki yangu wasubiri hiyo.

Ninachowaambia ni haidroksiurea, kidonge cha kila siku. Nacho hupandisha F, ingawa kwa mlango wa nyuma: kinasumbua seli zinazogawanyika, na uboho ukiwa kwenye harakati za kujijenga hutoa seli zenye gama zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda lilionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. F ya kila mtoto hupanda kwa kiasi chake, hivyo mtoto wa jirani si kipimo cha wako. Dawa itumike kila siku, na kliniki ya kupima damu isirukwe, maana dozi ikizidi huangusha seli nyeupe.

Kinachosakwa sasa ni kidonge kitakachoishusha BCL11A yenyewe. Ugumu ni kwamba protini za aina hii mara nyingi hazina shimo zuri la dawa kujichomeka, na dawa ya kumeza, tofauti na mkato wa enhansa, haitajua kutenganisha uboho unaotengeneza damu nyekundu na limfosaiti B.