Kufupisha njia ya faili: nukta zinazopoteza watu

Hapa Kondele, Kisumu, jioni nakaa na vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi za programu. Swali hili haliwakosi: umepewa njia kamili ya faili ya mtindo wa Unix, yaani anwani inayoanzia kwenye mzizi '/', folda ya juu kabisa; irudishe ikiwa fupi kabisa. Ndani yake '.' ni folda ileile uliyomo, na '..' ni kupanda kwenye folda mzazi. Wengi huliona dogo, wakaliparamia.

Dhana: "Nafuta tu kila '/../', basi."
Hapa ndipo jioni nzima huishia. Nukta mbili (si ile nuktambili ya mwalimu wa sarufi) haziondoki peke yake. Huondoka na jina lililotangulia. Na zikifuatana, kama /a/b/../../c, za kwanza zimeshamla b, kwa hiyo za pili zinamla a, jibu linabaki /c. Kufuta maandishi hakukumbuki nani ameshaliwa. Kinachokumbuka ni rundo, kama kreti za soda: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Kata njia kwenye kila mkwaju (alama '/'), kisha pitia kipande kimoja kimoja. Jina, liweke juu ya rundo. Nukta moja au kipande kitupu, kiruke. Nukta mbili, toa la juu. Mfano: /kisumu/kibuye/../kondele//soko/./ Kibuye inaingia na kutoka. Mkwaju uliorudiwa unazaa kipande kitupu tu. Mwisho unaunganisha, unapata /kisumu/kondele/soko. Njia inapitiwa mara moja, hakuna kitanzi ndani ya kitanzi.

Dhana: "Nukta tatu ni kupanda ngazi mbili."
Hapana. '...' ni jina halali la folda, kama '.bashrc' lilivyo jina halali la faili. Linganisha kipande kizima, usiangalie herufi ya kwanza tu.

Dhana: "Ukiwa kwenye mzizi, '..' ni kosa."
Mzazi wa mzizi ni mzizi wenyewe, hivyo /../ ni / tu. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa kitu kwenye orodha tupu ya Python, nikatupiwa IndexError, kosa la kutafuta kisichokuwemo, mbele ya darasa. Wakacheka, na walikuwa na haki. Kagua kwanza kama rundo lina kitu. Likiisha tupu, rudisha '/', si maandishi matupu.

Dhana: "Python ina normpath, chombo tayari cha kufupisha njia, ya nini kuhangaika?"
Ijaribu kwa //kisumu. Itakurudishia //kisumu vilevile, kwa sababu POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, inaruhusu mikwaju miwili ya mwanzo iwe na maana ya pekee. Ikiwa mitatu, inabaki mmoja. Swali letu linataka /kisumu, kwa hiyo jaribio hilo unalifeli. Tena normpath husoma maandishi tu, haigusi diski. Kama kibuye ni simlinki, yaani kibao cha kuelekeza kwenye /data/masoko, basi kwa mfumo wenyewe /kisumu/kibuye/.. ni /data, wala si /kisumu. Kwenye seva halisi, hapo ndipo utamhitaji realpath, anayefuata simlinki kwenye diski yenyewe.