Mwacheni Mgonjwa Ajibu Mwenyewe

Malalamiko yanayotufikia katika kitengo cha dharura hapa Mombasa yameongezeka, na mengi ni ya aina moja: "Mgonjwa yuko hali mbaya, nyinyi mwamuuliza huu ni mwaka gani!" Anayelalamika ana uchungu, nami simlaumu. Lakini swali lile ni sehemu ya kipimo cha fahamu kiitwacho Glasgow Coma Scale, kama vile presha ilivyo kipimo.

Kilitungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett huko Glasgow mwaka 1974. Hutazama macho, maneno na jinsi mwili unavyoitikia. Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3, hakuna sifuri. Nitasemea maneno, maana hapo ndipo tunapovutana na jamaa.

Maneno yana alama 5. Anayejua yeye ni nani, yuko wapi, na ni mwezi na mwaka gani, hupata 5. Anayezungumza vizuri lakini asema yuko sokoni Kongowea ilhali amelala kitandani kwetu, 4. Anayetoa neno mojamoja lisilohusu ulichomuuliza, 3. Anayeguna tu, 2. Asiyetoa sauti hata akifinywa, 1. Aliyetiwa mpira kooni hapewi namba. Tunaandika kuwa hapimiki. Jumla ya vipimo vyote vitatu ikifika 8 au chini, twahofia hawezi kuilinda njia yake ya hewa.

Usiku mmoja mzee aliletwa kwa tuktuk kutoka Kisauni, ameteleza msalani. Nikamwinamia: "Baba, hapa ni wapi?" Bintiye akawahi: "Sema hospitali, baba." Mzee akasema, "Hospitali." Nikauliza mwezi, binti akautaja. Nikamwomba asimame nyuma ya pazia, nikauliza upya. Mzee akanitazama kwa upole: "Hapa Lamu, kwa mama." Hiyo ni 4. Saa moja baadaye nilipomuuliza jina lake alisema "kamba", kisha "maji", basi. Hiyo ni 3. Kushuka huko ndiko kulikotufanya tumkimbize picha ya kichwa, na damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu. Tungeandika 5 ya binti, tungeanzia hesabu ya uongo.

Na sisi wahudumu tuna makosa yetu. Nimeona mama asiyejua ila Kigiriama akiulizwa kwa Kiingereza, kisha akaandikwa amechanganyikiwa. Mzee akijibu "Mfungo Sita", na kweli ni mwezi wa Maulidi, amejibu sawasawa. Hapa jamaa ni msaada mkubwa: tafsiri swali, kisha tafsiri alichosema hata kama hakina maana. Tuambieni pia kama ni kiziwi, kama kiharusi kilimpata zamani, au kama usahaulifu alikuwa nao tangu hapo.

Jambo lisilovumilika ni hili la "amelewa tu, mwacheni alale". Harufu ya pombe haimzuii mtu kuvuja damu kichwani, na sukari ikishuka mno mtu huropoka kama mlevi. Aliyeanguka na bodaboda akaamka akizungumza vizuri, kisha akaanza kusinzia na kuropoka, yuko hatarini. Msimpe maji wala soda, vitampalia.

Kuhusu sheria, kwa sababu tunaulizwa kila siku: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, yaiweka wazi: dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale kituo kinapokosa vifaa. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini yaweza kufika shilingi milioni 3. Kwa hivyo msimweke mgonjwa nyumbani mkichangisha pesa, wala msianzie kituo cha polisi kutafuta P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Fomu hiyo yaweza kusubiri. Nambari ya dharura ni 999 au 112.

Mkiwa njiani, mmoja wenu ashike simu aandike saa na maneno yenyewe, kama yalivyotoka: "Saa mbili, asema kichwa chauma, ataka kwenda nyumbani. Saa mbili na nusu, aguna." Mistari miwili hiyo ndiyo ya kwanza nitakayoomba kuiona mkifika mlangoni.