Kushea sio kutuma, na wala sio kutazamwa

Jumamosi iliyopita kwenye grupu la mtaa wetu huku Nzuguni, Dodoma, kijana mmoja anayechoma nyama karibu na stendi aliandika kwamba klipu ya biashara yake ya Facebook "imeshewa na watu 2,400". Watu wakampongeza, makopa na vidole gumba kibao. Nikaifungua. Waliotazama ndo 2,400, walioshea 3. Sikuandika kitu pale mana sio vizuri kumsahihisha mtu mbele ya majirani zake, ila hili neno nimelisikia likitumika hivo mara nyingi mno na linawapotosha watu wanaohangaika kweli na biashara zao, kwahiyo leo naliandikia.

Maana yenyewe ni fupi. Kushea ni mtu mwingine, sio wewe, kuichukua posti yako kwa hiari yake na kuipeleka kwa watu wake. Aliyetazama kapita tu, aliyelaiki kakutikisia kichwa, aliyeshea ndo kaubeba mzigo wako kaenda nao kwake. Kutrendi nako ni habari nyingine, ni watu wengi kuongelea jambo moja kwa wakati mmoja, hiyo tuiache.

Sasa neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Waingereza wa zamani share lilikuwa fungu lililokatwa, na lina undugu na neno lao la kunyoa manyoya ya kondoo, hata kile chuma cha plau kinachopasua ardhi kinaitwa kwa neno hilohilo. Hisa za kampuni nazo wanaziita hivo, mana ni vipande vya kitu kimoja. Kwahiyo ukinunua kilo ya zabibu pale barabarani ukala na wenzako watatu, hiyo ndo share ya asili, wewe unabaki na robo kilo na zile robo tatu zimeenda. Mtandaoni hakuna kinachopungua kwako, posti ikichukuliwa na watu mia bado unayo nzima, na nadhani hapo ndo mkanganyiko ulipoanzia, mana mtu hahisi kama kuna yeyote aliyetoa chochote. Wakati yule aliyeshea katoa. Katoa jina lake.

Twitter miaka ya mwanzo haikuwa na kitufe cha kurudia posti ya mtu. Watu walikuwa wanakopi maneno ya mwenzao kwa mkono, wanaandika RT mbele (kifupi cha retweet, yani kurudia posti), wanaweka na jina la mwenye maneno, yani wanajitaabisha kabisa, mpaka mwaka 2009 kampuni ikawawekea kitufe. Kitufe kimekuta watu tayari wanabeba. Ndo mana siku zote nasema kushea ni tendo la mtu, simu inarahisisha tu.

Na hapa nitawatetea waliotafsiri. Ukiweka simu yako kwa Kiswahili kile kitufe mara nyingi kinaandikwa "Shiriki", na watu wanalicheka, wanasema si wangeandika tu Tuma. Hapana! Tuma ni kazi ya tarishi. Shiriki limetokana na mzizi wa Kiarabu wa kuwa na fungu pamoja na mwenzio, humohumo tumepata shirika, ushirika, mshirika, na hata ushirikina, yani kumfanyia Mungu washirika. Ni neno zito. Mtu akishea tangazo lako la mafuta anakuwa mshirika wako, yakiwa mabovu shemeji yake hatakuuliza wewe, atamuuliza yeye.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya kusambaza na kusambaa. Kiswahili chetu kimeyatenga haya vizuri kabisa. Mtoto analala, mama anamlaza. Ndoo inajaa, wewe unaijaza. Habari inasambaa, wewe unaisambaza. Na kuna jozi nyingine nzuri sana, kutangaa na kutangaza. Kutangaza tunalisema kila siku, redioni, msikitini, kanisani, kutangaa tumelisahau kabisa, wakati ndo hasa tunachokitafuta. Ukiweka tangazo kwenye magrupu 40 umelisambaza, umelitangaza, ni kazi ya mkono wako na bando lako. Kama limesambaa, kama limetangaa, hiyo wanajua wengine.

Nina dada jirani yangu anakamua na kuuza mafuta ya alizeti. Kila asubuhi alikuwa anatupia picha ya madumu, bei na namba ya simu kwenye kila grupu alilomo, mpaka mengine wakamtoa. Alikuwa ananiambia kwa uchungu, "Nimeshea weee, hakuna kitu." Namwambia dada yangu hujashea, umesambaza, na halijasambaa.

Mwezi wa saba, baridi yetu ya Dodoma mnaijua, wateja wakaanza kumrudishia madumu, mafuta yana ukungu, wakamshuku kachanganya. Ilimuuma. Akachukua chupa mbili za mafuta yaleyale, moja akailaza nje usiku, nyingine akaiweka juani mchana, akarekodi kwa simu kama dakika moja hivi, akaeleza kwamba mafuta ya alizeti yana nta yake ya asili, yale ya kukamuliwa huku mtaani hiyo nta haijatolewa, baridi ikipiga inaganda kidogo ndo unaona ukungu, ukiyapasha joto juani yanang'aa tena. Akaishika ile chupa yenye ukungu kwenye mwanga, ukaona kabisa inavyoanza kusafika kuanzia pembeni. Bei hakutaja. Mwishoni tu akasema jina lake na mtaa.

Ile klipu ilimrudia yeye mwenyewe kutoka kwa shangazi yake wa Manyoni, ina mishale miwili ya WhatsApp. Mishale miwili maana yake imepita mikono mitano au zaidi tangu itoke kwa mwenyewe. Shangazi hakujua hata kwamba sauti ni ya mtoto wa kaka yake, alimtumia kumwambia "mwanangu na wewe si unauza, angalia hii".

Hakuna hata mmoja kwenye ile mikono aliyeshea ili dada auze. Mmoja alimtumia mama yake aliyetaka kumwaga dumu zima, mwingine alimtumia mke wake waliyebishana naye juu ya hilohilo, kila mtu alikuwa anamsaidia mtu wake na kuonekana yeye ndo anajua. Kwahiyo mtu akiniuliza afanyeje watu washee zaidi, na mimi namuuliza, ni nani atamkumbuka nani akiiona hiyo posti yako? Picha ya dumu na bei haimkumbushi mtu mtu yeyote.

Kuomba "jamani mnishee" sio dhambi, omba kwa ndugu na marafiki wa karibu, watabeba mara moja kwa upendo. Ila ile ya "shea kwa watu 20 upate baraka" muiache, inawafundisha watu kubeba bila kusoma, na isitoshe WhatsApp tangu mwaka 2019 ujumbe wa kufowadi unapeleka mwisho sehemu tano kwa mkupuo, na tangu 2020 wenye mishale miwili unapeleka sehemu moja moja, waliweka hivo kupunguza uongo unaokimbia.

Yule kijana wa nyama nilimfuata inboksi usiku. Nikamwambia mdogo wangu hongera, 2,400 ni waliotazama na sio kidogo, ila walioshea ni watatu, hebu angalia ni kina nani na wameandika nini. Akakaa kimya kama dakika kumi, akarudi. Mmoja ni kaka yake. Wawili hawajui kabisa, na wote wameandika karibu kitu kimoja, wamemtag ndugu yao anayekuja Dodoma na basi la usiku, wakamwambia ukishuka hapa utapata chakula. Mana kule chini kabisa ya maelezo aliandika kwamba jiko lake linawaka mpaka saa 6 usiku, mstari wa mwisho, baada ya bei zote na namba tatu za simu.

Asubuhi nikaona karekebisha. Kwenye grupu kaandika "imetazamwa", na kule kwenye posti ule mstari wa saa 6 usiku kaupandisha juu kabisa.